Mganda Usiofungwa

Nilipopangiwa kazi Korogwe, nikitoka moja kwa moja chuo kikuu, taarifa ya kwanza niliyotakiwa kuandika ilihusu meza ya biliadi. Ilikuwa na mifuko sita, na ilibaki katika klabu ya mabwana wa shamba la mkonge baada ya shamba kutaifishwa. Mkuu wangu alitaka chumba kile kiwe darasa la kisomo cha watu wazima. Mchezo ukiwa wa kikoloni, meza ingetolewa. Ukiwa wa jadi, ingebaki.

Wakata mkonge waliucheza kila alasiri, wakauita mganda, jina la fungu la majani ya mkonge yaliyofungwa kamba. Nilikwenda nikiwa nimefanya mazoezi ya maswali njia nzima, na bado nilihofu viatu vyangu vilikuwa safi mno. Nilimwamkia mzee mmoja aliyekata mkonge ujanani, kisha akawa mhudumu wa klabu. Miaka mingi alipiga brashi kitambaa cha meza ile bila ruhusa ya kushika fimbo. Nikamuuliza kama haiwezekani kwamba mababu wa Kizigua waliucheza chini, kwa kokwa.

Akawatazama wenzake. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Ukisema walicheza, walicheza."

Wote wakakubali. Mmoja akaongeza kwamba babu yake alikuwa bingwa, ingawa kwao ni Songea, mbali na Uzigua.

Ofisini niliandika kurasa mbili nzuri, kisha kalamu ikagoma. Kokwa za nini? Za embe zina ubapa, haziviringiki. Nikaona jinsi swali langu lilivyobeba jibu lake, nao, kwa adabu ya kutomwaibisha mgeni wa serikali, wakanirudishia.

Kesho yake nilimwomba mzee radhi, nikamwambia sasa nitasikiliza tu.

Mabwana walipoondoka, alisema, kanuni waliondoka nazo. Basi wakatunga zao kutokana na kazi. Kila mtu ana mistari yake shambani, hivyo kila mchezaji ana mifuko yake. Ukimaliza, unamsaidia jirani. Mpira mweusi, unaoingizwa mwisho, waliuita kamba.

"Kwa sababu mganda usiofungwa nyapara hauhesabu," mzee alieleza. " Hata ukikata majani kutwa."

Niliuliza nani aliupa mchezo jina la mganda kwanza. Hakuna aliyekumbuka. Mchezo wenyewe ulikuwa na umri mdogo kuliko masomo yangu ya chuo.

Niliandika hivyo hivyo, nikakabidhi. Mkuu alisoma, akauliza: ni jadi au si jadi? Nikasema sijui, ila sijaona mahali pengine wanapoucheza. Akaamua kwenda kuona mwenyewe.

Klabuni wakata mkonge wakampa fimbo. Aliingiza mipira yake yote, ila mweusi ukagonga ukingo ukabaki mezani. Akaegemeza fimbo ukutani, akijipongeza.

"Ndugu mkuu," mzee akasema taratibu, "haujafungwa."

Mkuu akatazama mpira, akatazama watu, akaichukua fimbo tena. Alikosa mara tatu. Tulipokuwa tunatoka aliniagiza nitafute ubao wa darasa mdogo zaidi, unaoweza kukaa kwenye ukuta wa pili, meza ikiwa palepale.