Kahawa Haikupitishwa

Nilitaka kusoma shahada ya pili ya historia, na sikutaka kufundisha chuo kikuu. Hilo ndilo lililomshinda kuelewa mkuu wangu wa kazi pale ofisi ya wilaya, Muleba. Bila ruhusa yake nisingeweza kwenda.

"Ndugu, chukua utawala," aliniambia. "Historia ni ya maprofesa. Sisi hapa tunaanzisha vijiji."

Nakiri kwamba sababu yangu haikuwa safi. Sekondari niliisomea nyumbani kwetu Buhembe, kwa masomo ya posta, bila mwalimu wa kunisahihisha. Hata baada ya shahada ya kwanza nilijiona kama mtu aliyeingia ofisini kwa mlango wa jikoni. Barua ya mistari mitatu niliiandika upya mpaka karatasi zikaisha. Shahada nyingine, nilidhani, ingenituliza.

Kisha tukaenda kijiji kimoja karibu na Nshamba kuchagua shamba la ujamaa. Mkuu alionyesha ardhi nzuri kando ya barabara, watu wakapiga makofi. Tukarudi kwenye gari, yeye anafurahi, mimi roho juu.

"Nini tena?" akauliza.

"Hawakutupa kahawa."

Kwetu mgeni hupewa buni zilizochemshwa na kukaushwa, atafune, hata kama amekuja kudai kodi. Siku ile kikapu cha buni hakikupitishwa. Mkuu, ambaye si mtu wa kwetu, alicheka. "Basi nitakununulia chai Bukoba."

Nilidhani ni mimi niliyewaudhi, maana ndiyo kawaida yangu kudhani hivyo. Lakini siku ya kulima alifika mwenyekiti wa kijiji peke yake na jembe lake. Mkuu akataka kupeleka mgambo. Nikamwomba nitangulie mimi.

Nilikwenda kwa bibi mmoja ambaye kibanja chake cha migomba kilipakana na lile shamba. Tukazungumza habari za migomba kwanza, ndipo nikauliza shamba lile zamani lilikuwa la nani.

"Leo ndiyo mnauliza?" akasema.

Lilikuwa shamba la nyarubanja, ule ukabaila wa zamani wa ardhi. Mumewe alililima miaka mingi, akimpelekea mwenye ardhi mazao na pombe ya ndizi, mpaka utaratibu ule ulipofutwa baada ya Uhuru.

"Ujamaa hatuukatai, mwanangu. Tupeni pori lolote tutalifyeka. Mle haturudi."

"Mbona mlipiga makofi, bibi?"

"Mkuu wako alikuja na gari. Gari hupigiwa makofi."

Ndipo akaleta kahawa. Nyingine akanifungia kwenye jani la mgomba.

Nilipomweleza mkuu, aliweka kalamu chini. "Hayo uliyasoma wapi?"

"Sikuyasoma. Niliuliza, tena kwa kubahatisha. Nataka kujifunza kuuliza vizuri, kabla hatujapiga vigingi kwenye ardhi ya watu. Nikimaliza, narudi kwenye meza hii hii."

Maneno hayo sikuwa nimeyaandika popote. Yalitoka yenyewe, na kwa mara ya kwanza sikuona pa kusahihisha.

Nikafungua jani mezani pake. Alichukua buni moja, akatafuna, akakunja uso.

"Chungu hii."

"Ndiyo."

Akachukua nyingine. "Watafutie shamba jingine kwanza," akasema. "Halafu niletee barua yako ya maombi nitie sahihi, kabla hujaanza kuiandika upya."