Breki Zilizokataa Asubuhi

Seifu Mwero, fundi wa Msambweni, alijua kusema na gari, lakini kusema na mkwe kulimshinda. Mteja mwingine angemkaripia mpaka akome: umegusa nini, umetia nini, nani kafungua hapa? Ila Shehe, aliyemwoa Asiya, binti yake wa pekee, Seifu hakumuuliza kitu. Mkwe hahojiwi, ndivyo alivyolelewa. Na Shehe naye alilelewa hivyo hivyo. Akija huinamisha kichwa, hutoa shikamoo, kisha huketi mbali kama mtu aliyekuja matangani. Haya gani hizo, jamani. Watu wazima wawili na gari bovu katikati yao.

Ilikuwa Julai, mwaka wa pili wa uhuru. Shehe alikaa Kwale, juu kule mlimani, akiendesha teksi, Moris kuukuu aliyoinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kila asubuhi akiteremka, pedeli ya breki huwa ngumu kama jiwe na gari halishiki. Akifika Msambweni adhuhuri, breki nzima. Seifu alifungua magurudumu yote manne, akakagua breki moja moja, akafuata mabomba kwa kidole, akatoa hewa. Kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kimejaa. Alisikia harufu ya nazi, akadhani ni mikono yake mwenyewe, maana mafuta ya nazi ndiyo aliyojipaka kila siku kutoa grisi.

"Mwambie mwenzako sijaona kibaya," alimwambia Asiya, na huyo mwenzake ameketi hatua tatu tu kutoka hapo.

Shehe alifumbua kinywa, akakifumba. Seifu alimwona. Alijua pana neno, akaliacha. Mara tatu gari lililetwa, mara tatu likarudi lilivyokuja, na kila lilipoondoka na mwanawe ndani, alilitazama mpaka likapotea njiani.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, Asiya na mumewe walikuwa wateremke asubuhi waje kushinda nyumbani. Kusi ilikuwa imevuma usiku kucha na baridi ilikuwa ya kujikunyata. Baada ya sala ya alfajiri Seifu alichukua chupa ya mafuta ya nazi, akaiinamisha kiganjani. Hayakutoka. Yalikuwa yameganda, meupe pe. Mpwani gani asiyeyajua hayo? Huyaanika juani, yakayeyuka, basi. Lakini Seifu alisimama na chupa mkononi, akaikumbuka ile harufu ya nazi kwenye kikopo cha breki. Kwale kuna baridi kuliko hapa. Asubuhi yanaganda, adhuhuri yanayeyuka. Na duka la vipuri la Ukunda lilikuwa limefungwa tangu mwenyewe ahame. Shehe angeyapata wapi mafuta ya breki?

Hakungoja hata kuvaa viatu. Alidandia lori la mchanga, akamsihi dereva akanyage. Njia nzima aliomba kwa sauti, bila kujali anasikiwa: Ya Rabi, wachelewe kuamka. Ya Rabi, mwanangu.

Walilikuta gari chini ya mteremko wa Kwale, limelala ubavu mtaroni, watu wamelizunguka. Asiya alikuwa ameketi majanini, mguu umevunjika, lakini yu hai. Seifu alimkumbatia akalia kwa furaha mbele za watu, alhamdulillahi juu ya alhamdulillahi. Ndipo alipoiona kanga ya Asiya pembeni ya njia, imemfunika mtu, miguu imetokeza.

Alikaa kitako pale pale. Kisha akamgeukia Asiya.

"Mwanangu, alitia mafuta gani?"

"Ya nazi, baba. Nilimpa mimi, yangu ya jikoni." Asiya hakuwa akilia bado. "Kila tulipokuja kwako alisema, leo nitamwambia baba. Akikuona umenyamaza, naye ananyamaza. Alidhani umeshajua, unamsitiri."