Kioo cha Nne

Dada Dobi alirudi kutoka zamu hoi bin taabani, mikono imebabuka kwa sabuni ya mashuka ya hospitali, akakuta kioo cha tatu cha dirisha kimevunjika, kiko sakafuni. Pazia vipande vipande, kochi limetolewa sponji lote, na katikati ya vurugu ile amekaa Askari, mbwa wa marehemu mama yake, na damu puani. Hakumfokea. Hata kufoka kunataka nguvu.

Jioni ile ile akaja mwenye nyumba, mwanamke asiyemung'unya maneno: kikivunjika cha nne, mbwa aondoke. Na katika nyumba yote ya marehemu mama yake, aliyembakia ni Askari tu. Dada Dobi alishafanya kila aliloambiwa. Alisogeza kochi mbali na dirisha, alibandika karatasi kwenye vioo vya chini, alimtembeza alfajiri mpaka magoti yakamlalamikia, alimwachia mfupa. Mfupa aliula. Kisha akala kochi.

Kesho yake alikuja fundi wa vioo, mtu mzima mwenye maneno mengi kuliko vifaa. Alipokuwa akipima dirisha, Dada Dobi akachukua mkoba na kumwambia mbwa kama kawaida, "Nakuja sasa hivi, eh?"

Askari akarukia dirishani, masikio juu, akaanza kulia.

"Dada," fundi akauliza, "nani anakuja?"

"Hakuna. Mimi ndiye naenda kazini."

"Sasa mbona umemwambia unakuja?"

Dada Dobi akacheka, maana nani asiyesema hivyo akiondoka? Kisha kicheko kikamkauka. Mama yake alikuwa na miguu mibovu. Kutoka getini mpaka mlangoni ilimchukua karne nzima, na njia nzima alikuwa akimpigia kelele mbwa aliyemsubiri dirishani: "Nakuja, nakuja, we mtoto usiye na subira!" Kumbe kwa miezi minne tangu msiba, kila asubuhi, Dada Dobi alikuwa akimtangazia Askari kwamba mama anafika, halafu anafunga mlango.

Kioo cha nne kipo mpaka leo. Fundi alimfundisha kutoka bila kuaga: dakika moja, arudi, dakika tano, arudi, mpaka majirani wakamwuliza kama amesahau kitu. Wiki mbili nzima alitoka na kuingia, akiwa amechoka vile vile.

Lakini asubuhi ile hakuwaza mafunzo. Alipiga magoti juu ya sponji. Msibani alikuwa amewakaribisha wageni, ameosha sufuria, amesema mama amepumzika, mama ametutangulia, na maneno yote yanayosemwa.

"Askari," akasema. "Mama haji tena."

Mbwa aliendelea kuangalia getini. Aliyelia ni yeye, mkoba ungali begani, mpaka fundi akaweka nyundo chini na kutoka nje.