Pipa Ndilo Linalopendekeza

Jambo lenyewe liligharimu gia boksi moja nzima, na mdogo wangu wa tumbo moja kutonisemesha kwa Ramadhani mbili. Gia boksi ina bei. Niliiulizia Gerezani kwa wauza vipuri vya mtumba, nikaondoka, nikarudi kuiulizia duka la jirani kama vile mie ni mtu mwingine, na haikushuka hata kidogo. Hilo la pili sikujua pa kuliulizia. Nawaandikia nyie vijana mnaofanya kazi ya kumwaga oili leo, na nyie mnaotuletea magari, mjue kazi hii ilikuwaje kabla hamjaamua nani alikosea.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Temeke, kwenye banda la mabati lenye mashimo mawili ya saruji. Gari linapita juu ya shimo, fundi anasimama chini yake, anafungua nati ya sampo, yaani kile kibakuli cha chuma kinachokaa oili chini ya injini, na oili chafu inamwagika. Ndiyo maana Dar hatusemi kubadilisha oili, tunasema kumwaga, kama vile hiyo mpya itajileta yenyewe. Mie niliajiriwa kuwa mpokezi. Kazi yangu ilikuwa kusalimia, kufungua boneti, kuvuta kijiti cha kupimia na kumwonyesha mwenye gari hali ya oili yake. Kijiti hakisomwi mara moja. Unakivuta, unakifuta, unakirudisha, unakivuta tena, na hiyo ya pili ndiyo ya kweli. Hapo sikufundishwa na mtu. Kuhesabu mara mbili nilikuja nako kutoka nyumbani.

Meneja wa Temeke alikuwa mtu mpole, mwenye kofia iliyodariziwa vizuri kuliko hesabu zake. Alinikalisha kwenye stuli, akanipa kitambaa.

"Mteja akikuuliza gari lake linataka oili gani, utamwambiaje?"

"Nitaangalia kitabu cha gari."

"Kitabu kimeandikwa Kijapani. Unasoma Kijapani?"

"Hapana."

"Basi soma pale." Akanionyesha pipa la bluu lililosimama kwenye kona. "Hiyo ndiyo inayopendekezwa."

"Na gari likiwa dogo?"

"Inapendekezwa."

"Na likiwa lori?"

"Bi Mwajuma, lile ni pipa. Unadhani linajua kuchagua?"

Ndani ya pipa mlikuwa na oili ya namba ishirini hamsini. Namba ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya pili inaeleza uzito wake injini ikishachemka. Ishirini hamsini ni oili nzito. Wateja tuliwaambia nchi yetu ni ya joto, injini inataka kitu cha kushika. Niseme haki: kwa magari mengi ya wakati ule, yale ya injini kubwa zilizochoka, maneno hayo hayakuwa mabaya. Oili nyepesi ingevuja mpaka barabarani. Lakini hatukuyasema kwa sababu ya injini. Tuliyasema kwa sababu ya pipa. Nilipofika nyumbani jioni nilimsimulia mama na wadogo zangu, nikiigiza sauti ya Meneja, nao walicheka mpaka mama akaacha kukoroga unga wa vitumbua vya kesho yake. Saidi, kitinda mimba wetu, alilipenda sana neno lile. Ukimuuliza chakula gani leo, anakujibu, "Kilichomo sufuriani ndicho kinachopendekezwa."

Kutoka Temeke nilihamishiwa Tabata, ambako kampuni ilikuwa imefungua tawi la pili. Huko nilimkuta Fundi Mkuu, mtu wa Mbeya, aliyekuwa akiongea na wateja akiwa shimoni, unasikia sauti tu. Magari yalikwishaanza kubadilika. Yalikuja madogo, ya injini nyembamba zinazotaka oili nyepesi, tano thelathini na ndugu zake, na kampuni ikawa inaleta mapipa ya aina mbili, ila si kila mara kwa pamoja. Wateja nao walibadilika. Mteja wa Tabata wa siku zile hakuishia kutaka apunguziwe bei. Alitaka apunguziwe na ushauri. Unamwambia nyepesi, yeye anasema nzito, mnavutana, mwisho mnakutana katikati kama watu wanaogawana tikiti maji, na injini haikuulizwa.

Namkumbuka mmoja, mwalimu, alikinga oili kiganjani akaitazama kwa huzuni.

"Mama, hii mbona kama maji?"

"Ndivyo injini yako inavyotaka, mwalimu."

"Mara iliyopita mlisema inataka nzito. Imeokoka?"

Kutoka shimoni Fundi Mkuu akajibu, "Mara iliyopita pipa la nzito lilikuwa limejaa."

Alicheka peke yake. Mwalimu alilipa, akadai chupa zake tupu, akaondoka. Kudai chupa tupu ni desturi nzuri na msiiache: chupa ikibaki kwa fundi, kesho inaweza kurudi sokoni imejazwa kitu kingine. Wengine walikuja na madumu kabisa, wakachukua na oili chafu yao kwa ajili ya kupaka mbao za kenchi za paa dhidi ya mchwa. Walituamini kwa mchwa. Kwa injini walitaka mjadala.

Kigamboni sikukaa sana. Hewa ya chumvi ilikuwa inakula nati za sampo, nusu ya siku inaishia kwenye nati moja, na kampuni ikaona tawi lile linakula zaidi kuliko chumvi. Wakalifunga, wakanipeleka Kibamba.

Kibamba ndiko kila kitu kilikonyooka, na ndiko kilikoniharibikia. Meneja wa huko alikuwa binti wa Kilimanjaro, ambaye angeweza kuwa mwanangu, na kila asubuhi aliniamkia kabla ya kunituma. Wiki ya kwanza alitoa mapipa yote nje. Akaleta oili za chupa za kila aina, akanunua simu kubwa ya ofisi, na kila gari likiingia tunaandika namba ya chesesi, simu inatuambia kiwanda kinataka nini. Alituita wote pale mlangoni.

"Kuanzia leo tunapendekeza kile gari linachotaka. Si tulichonacho, si anachotaka mteja."

Nikamuuliza, "Na mteja akikataa?"

"Aende salama, mama."

Bei ilipanda, kwa sababu oili sahihi kwa kawaida ndiyo ghali. Wateja waliotujua kwa miaka walituangalia kama watu tuliopata mganga mpya. Sikuwalaumu.

Saidi alikuwa akibeba abiria wa mtandao. Mama alipofariki na nyumba ya Temeke kugawanywa, mie nilichukua vyumba viwili vya uani, yeye akachukua fungu lake kwa fedha akanunua gari dogo la Kijapani. Hakuwa na kitu kingine. Mke, watoto watatu na kodi ya nyumba, vyote vilikuwa vimepanda gari lile. Lilikuwa na gia boksi ya aina ambayo mafundi wanaiita CVT. Haina meno ndani kama za zamani. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ushike bila kuteleza. Ukiweka ile nyekundu ya kawaida, mafundi wanayoiita haidroliki, gari litatembea. Litatembea vizuri, ndiyo hatari yake.

Alikuja Jumamosi, kuna magari matatu nyuma yake.

"Da Mwaju, shikamoo."

"Marahaba. Injini au gia boksi?"

"Gia boksi. Inajivutavuta nikiondoka."

Nikaandika chesesi, simu ikasema, nikamtajia oili na bei. Akaniangalia, kisha akaangalia fulana yangu yenye jina la kampuni.

"Na nyekundu je?"

"Nyekundu haiwekwi kwenye hii. Hii ni ya mkanda."

"Ile gari niliyokuwa naendesha ya bosi, si uliiwekea nyekundu wewe mwenyewe?"

"Ile ilikuwa na meno."

"Meno, mkanda, shanga. Niambie mwisho ngapi, dada."

"Haina mwisho. Bei ni hiyo."

Sie tumelelewa na mwanamke aliyeuza vitumbua. Kwetu bei isiyoshuka ni ya mtu anayekuficha kitu. Niliona usoni kwake kwamba hilo ndilo alilolisikia. Nikarudia mara ya pili kwamba nyekundu itaiua ile gia boksi, na gari la nyuma likapiga honi.

"Sawa," akasema. "Inapendekezwa."

Akacheka, akarudisha gari nyuma, akavuka barabara. Ng'ambo kulikuwa na banda lenye pipa. Baadaye alipita akaniinulia mkono kwa furaha, kama mtu aliyeokoa nusu ya bei.

Gari lilitembea majuma kadhaa. Kisha likaanza kuvuma kama feni mbovu, na siku moja, kwenye mlima wa Kimara, likiwa na abiria, likanguruma bila kusogea. Lilivutwa mpaka nyumbani kwake. Fundi alipofungua, oili ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua, na mkanda umekwanguka.

Alikuja Temeke kwangu jioni. Hakukaa.

"Ulijua?"

"Nilikwambia, Saidi. Mara mbili."

"Uliniambia kama unavyowaambia wote."

"Ulitaka nikwambieje? Nilie?"

"Da Mwaju, mie nimekua nikikusikia ukituchekesha na lile pipa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkisema inapendekezwa mnauza mlichonacho. Siku ile ningejuaje kwamba sasa unasema kweli?"

"Mie ni dada yako."

"Ulikuwa umevaa fulana yao."

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa sahihi. Nililimeza, kwa sababu lisingesogeza gari.

Tangu hapo salamu zikawa zinapitia kwa mkewe. Idi ya kwanza nilipeleka pilau kwenye sahani ya mama, ile ya maua. Kwetu sahani hairudi tupu, hata kama ni ndimu mbili utaziweka. Ilirudi imeoshwa vizuri, haina kitu. Idi ya pili nilipeleka tena, ikarudi vilevile. Yeye alikuwa akiendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kumpelekea mwenyewe kila siku, na gari limekaa juu ya matofali, kuku wanatagia kiti cha nyuma.

Nilistaafu Kibamba. Meneja alinipa kitenge na maneno mazuri, akasema wateja wameanza kurudi, sasa wanakubali kuambiwa. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini nimekaa hapa uani nikiifikiria kazi yangu, na hiki ndicho ninachoweza kuwaachia. Mpendekezaji hana mali nyingine ila kuaminiwa, na kule kuaminiwa hakujazwi upya siku ile unapobadilisha oili. Tulikumwaga kidogokidogo kwa miaka, kwa watu ambao injini zao hazikudhurika, tukadhani ni bure. Hasara ilipokuja haikuchagua aliyekuwa mgeni.

Juzi nimepata ujumbe kwa simu. Saidi amepata gia boksi ya mtumba, amekopa kwa rafiki zake wa bodaboda, na imeshafungwa kwenye gari. Ametuma picha ya chupa. Chini yake ameandika: "Da Mwaju, shikamoo. Fundi anasema hii ndiyo yenyewe. Nimemwambia asifungue mpaka ujibu."

Nimeikuza picha mara mbili. Jina ni lile, maandishi ni sahihi. Kifuniko hakionekani, na kilichomo ndani hakuna jicho linaloweza kukiona kwenye picha. Nikimwambia weka, na chupa ikawa imejazwa kitu kingine, hakuna wa kumkopesha gia boksi ya tatu. Nikimwambia usiweke, sijui atasikia nini. Naweza kwenda dukani kwa Meneja wangu, nikanunua mwenyewe, nikampelekea mkononi, lakini mwanamume aliyekopa ili asiniombe anaweza kuiona ni malipo ya ile iliyokufa, au ni dharau. Nikinyamaza, fundi atachoka kusubiri.

Nyie mnaomwaga oili leo, na nyie wenye wadogo zenu, nishaurini: nimwandikie nini Saidi?