Nafasi ya Mwajiri

Katanga ilipojitenga, mimi nilikuwa nachora vibao vya maduka katika mtaa wa Kampemba, mgeni kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Sikuwa na bosi. Mwenye duka aliniita, nikachora, akanilipa, tukaachana. Mtu wa namna hiyo hujipeleka mwenyewe ofisi ya kodi kueleza mapato yake. Si jambo gumu ukilijua. Mimi sikulijua.

Serikali mpya ilileta fomu mpya, kwa Kifaransa. Bila stakabadhi ya kodi, mgeni hakupata kibali cha kukaa, na bila kibali alipelekwa mpakani. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na reli ya kuelekea ziwani ilikuwa imekatwa na mapigano. Ningempitisha wapi? Nikajaza fomu huku jasho likinitoka. Nilipofika kwenye jina la mwajiri niliogopa kuacha wazi, nisije nikaonekana mzururaji. Nikaandika jina la muuza vitambaa mmoja, mzee wa asili ya Maniema, aliyewahi kunipa kazi mara tatu.

Wiki mbili baadaye mzee akaja kwangu na karatasi mkononi.

"Fundi! Miye niko patron yako tangu lini?"

"Mzee wangu, karibu ukae kwanza."

"Sikai! Batu ba lampo, bale ba kodi, banasema ninaficha mufanyakazi. Banataka nilipe kodi yako ya mwaka muzima. Na ile mimba ya bibi yako, nayo nilipe?"

Nikamweleza nilichofanya. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa na jirani. Nilijua nikinyamaza atalipa yeye. Nikienda ofisini nitakuwa nakiri uongo mbele ya karani anayeweza kuita askari. Usiku ule sikulala, na asubuhi nikafuatana na mzee mpaka ofisini.

"Kama hauna patron," karani akauliza, "unafanyia nani kazi?"

"Kila anayetaka kibao, bwana karani. Niliandika jina lake kwa woga."

Karani akamgeukia mzee. Nikashika ukingo wa meza.

"Ni kweli," mzee akasema, bado amenuna. "Kuchora anachora muzuri. Kujaza makaratasi ndiyo hajui."

Karani hakucheka. Alichana fomu yangu, akanipa nyingine.

Nawe unayejifanyia kazi ugenini, nafasi isiyokuhusu ipigie mstari tu. Usiijaze kwa hofu, na usione haya kuuliza. Makarani huulizwa hayo kila siku. Mimi nilipiga mstari wangu pale pale mezani. Mkono uliozoea kunyoosha herufi ukateleza, mstari ukapinda mpaka kwenye nafasi ya chini. Karani aliufuata kwa kidole mpaka mwisho, nikasikia mzee akihema nyuma yangu.

Kisha muhuri ukagonga.