Shikamoo ya Seva

Mganga mfawidhi wa zahanati yetu pale Babati alinipa siku moja tu. Seva yenye kumbukumbu za wagonjwa ilikuwa ikijikokota tangu mzee aliyeiweka astaafu na kurudi shambani kwake, milimani Mbulu. "Ikifika jioni hujaweza kuingia ndani yake, naita fundi kutoka Arusha," alisema. Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, kwa hiyo nilimwelewa vizuri sana: ningerudi kijijini kwetu Singe kupalilia mahindi, mimi na diploma yangu.

Ili niione hifadhidata ndani nilihitaji programu ya kuisimamia. Ile mpya niliyoipakua kwanza ilikataa kuingia, eti mashine ni ya zamani mno. Niliifokea kama mbuzi aliyevamia mchicha. Nikapekua tovuti ya watengenezaji mpaka nikalipata toleo la zamani, limefichwa chini kabisa. Bando likakata katikati, nikaweka jingine, nikaanza upya. Mchana programu ikakubali, nikacheza kidogo pale pale kwenye kiti. Kisha ikaniuliza jina la mtumiaji.

Nikampigia mzee. Mtandao wa kule ulikuwa unakwaruza.

"Shikamoo mzee. Naomba jina la kuingilia kwenye seva."

"Shikamoo," akajibu.

Nikashtuka. Mzee wa umri wa babu yangu ananiamkia mimi? Nikadhani hakunisikia.

"Hapana mzee, mimi ndiye ninayekuamkia. Shikamoo!"

"Ndiyo! Shikamoo!"

"Jamani mzee, utaniletea laana! Mimi binti mdogo!"

"Wewe binti, sikuamkii!" akapaza sauti. "Hilo ndilo jina lenyewe. Andika shikamoo!"

Muuguzi wa zamu alicheka mpaka akashika meza. Nikaandika, masikio yakiniwaka kwa aibu. Programu ikataka neno la siri, na hapo hapo simu ikakatika. Nilipopiga tena, mzee hapatikani.

Nilipogeuka, mganga mfawidhi alikuwa mlangoni, simu mkononi, anatafuta namba ya fundi wa Arusha. Niliogopa kweli kweli. Nikaitazama ile shikamoo kwenye kioo, imekaa peke yake, inasubiri. Sasa mtu akiamkiwa hivyo, si anaitikia?

Nikaandika marahaba.

Kumbukumbu zote zikafunguka. Mganga mfawidhi akasogea, akachungulia begani kwangu, akairudisha simu mfukoni.

"Kesho uwahi," akaniambia.