Kimada wa Mfalme Sebuleni kwa Mama Mskoti

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa nasomea uuguzi Stockholm, nilipanga chumba kwa mjane mmoja Mskoti aliyeolewa na baharia Mswidi. Nilimwita Mama, naye tangu wiki ya kwanza akaniita binti yangu. Sebuleni alitundika karatasi ndefu ya ukoo wake, aliyoichora kwa mkono. Juu kabisa hapakuwa na mfalme wala malkia. Palikuwa na kimada.

"Huyu ndiye bibi yetu," aliniambia. "Mfalme wa Uskoti alimpenda, wakazaa mtoto wa kiume na mabinti wawili, na mfalme akawatambua wote mbele za watu."

Aliyajua maisha ya mwanamke yule wa karne za kale kama ya jirani. Mfalme alimpelekea farasi mweupe. Yeye akamrudisha farasi, akaomba ng'ombe wawili, maana watoto wanataka maziwa. Kaka zake walipata mashamba kwa ajili yake. Mfalme alipooa malkia kutoka ng'ambo, yeye akaolewa na bwana mwingine, akazaa tena wanne. Hapo Mama alijipiga paja kwa kicheko.

Bintiye, mwalimu wa shule, hakucheka. Alikuwa amechumbiwa, na Jumapili moja mama wa mchumba wake alikuwa anakuja kwa treni kutoka mji wa Södertälje kunywa kahawa.

"Mama, tafadhali, itoe hiyo karatasi. Watatuona watu wa namna gani?"

Mama akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

Kwetu Pangani, bibi mzaa babu yangu alikuwa suria wa bwana mmoja mwenye minazi. Nyumbani hatukumtaja. Sikuwahi kumwambia mtu, lakini siku ile nilijikuta nimesema: "Hata sisi tunaye. Ila wa kwetu hakupendwa akaletewa farasi. Alinunuliwa. Na hatukumtundika popote."

Binti yule alinigeukia. Kisha akauliza taratibu, "Jina lake nani?"

"Sijui."

Hakusema tena habari ya kuitoa karatasi.

Mgeni alikuwa mama mnene, mchangamfu, mpishi wa kantini ya kiwanda. Alikula mikate yetu ya hiliki mitatu, akavaa miwani, akaifuata karatasi kwa kidole kutoka juu hadi chini.

"Kwa hiyo mwanangu anaoa ukoo wa kifalme?"

"Ndiyo, ila tumeingilia mlango wa uani," akajibu Mama.

Mgeni alicheka hadi kahawa ikamwagika. "Afadhali ninyi! Babu yangu hata baba yake hajulikani. Ninyi angalau mna mfalme!" Bintiye Mama naye akaangua kicheko, akacheka mpaka akafuta machozi.

Wiki ileile nilimwandikia mama yangu. Jibu lilikuja kurasa nne: jina la bibi, majina ya wanawe, hata mahali alipozikwa. "Siku zote nilikuwa nasubiri mmoja wenu aniulize," aliandika. Nililisoma jina lile kwa sauti palepale ukumbini, bado nimevaa koti la baridi.

Harusi ilifanyika kiangazi, kwenye bustani kando ya maji. Yule mama wa Södertälje alinivuta nikacheze naye ngoma za Kiswidi. Nilimkanyaga mara tatu, na kila mara alicheka, akanizungusha tena.